Matembezi ya kikundi Amboni: kuangalia viumbe juu ya mawe ya chokaa, tupangeje?

Mwl_Makorora

Asalaam aleikum wakuu, habari za leo.

Klabu ya mazingira ya shule inataka kutembea asubuhi moja upande wa Amboni, hapa Tanga. Si ziara ya kuingia pangoni; pango watoto wameshaliona. Safari hii tunataka kubaki huku juu, kwenye majani mafupi na vichaka vilivyoota juu ya mawe ya chokaa, kuanzia kando ya barabara ya kwenda mapangoni mpaka karibu na bonde la mto Mkulumuzi. Kazi ni kuangalia na kuandika: vipepeo, ndege, konokono, mimea, chochote kitakachojitokeza.

Tutakuwa 26: wanafunzi 20 wa kidato cha kwanza na cha pili, walimu wanne, wazazi wawili. Darubini tatu, lenzi za mkononi tano, simu za walimu, madaftari. Wavu wa vipepeo hatuna ila mama mmoja ni fundi cherehani, anaweza kuushona.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Mwezi gani, na tuanze saa ngapi?
2. Njia iwe na urefu gani, na watu 26 tuwagawe vipi?
3. Tuhesabu kwa namna gani ili mwakani tukirudi tuweze kulinganisha? "Tuliona kipepeo wa njano" haitusaidii.
4. Hatari za pale hasa ni zipi? Kila ninayemuuliza anataja nyoka tu.
5. Nimesoma kwamba Uingereza watu hutembea kwa makundi kwenye nyanda za chokaa kuangalia maua na vipepeo. Je, kwetu ni kitu kilekile?

Babu_Kiomoni

Waalaikum salaam mwalimu. Nianze na ruhusa, maana ndiyo inayosahaulika.

Eneo la mapango lenyewe liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo mkivuka lango mnalipa na mnapewa mwongozaji. Lakini sehemu kubwa ya mawe unayoisema iko nje ya lango: kuna mashamba ya watu, malisho ya mbuzi na machimbo ya chokaa. Huko nenda ofisi ya mtaa na barua ya shule, utaje siku, saa na idadi. Halafu waone wenye mashamba. Watu 26 wanaoinama kwenye majani ya mtu asubuhi, bila taarifa, wanaleta maswali. Machimbo msiyasogelee kabisa, hata siku ambayo hakuna kazi: kingo zake zimelegea na mawe yanaporomoka bila kuguswa.

Msimu. Januari na Februari jua la kaskazi limeshakausha kila kitu, majani ni makapi na wadudu wamejificha. Aprili na Mei masika imekolea, jiwe la chokaa likilowa lina utelezi kuliko sabuni, na barabara ya udongo inakamata magari. Inabaki mipenyo miwili. Juni: mvua imepungua, majani bado mabichi, vipepeo wengi, hewa imepoa. Novemba, vuli ikishanyesha wiki mbili tatu: konokono na jongoo wametoka, kumbikumbi wanaruka, na ndege wahamiaji wameshafika. Kwa wanafunzi ningechagua Juni. Kwa watu wazima wanaopenda ndege, Novemba.

Saa: muwe mmeshafika saa 12:30 asubuhi. Ndege mnawapata mpaka saa 3. Vipepeo wanaanza kuchangamka saa 3 jua likishawapasha mabawa, na kufika saa 5 joto linawarudisha kivulini. Mkipanga kuanza saa 4, kama ziara nyingi za shule zinavyofanya kwa kusubiri chai, mtakuwa mmekosa kundi la kwanza na mtaliwahi la pili likiondoka.

Ardhi yenyewe. Maji ya mvua yanayeyusha chokaa polepole, ndiyo yaliyochimba mapango. Huku juu yanaacha mashimo, mengine mapana kama tundu la choo, mengine mlango mwembamba tu na chini uwazi. Majani yanayafunika. Kwa hiyo mtu anayekagua njia siku moja au mbili kabla apite na ufito wa mita moja na nusu akiugonga mbele, na kila shimo alifungie kitambaa chekundu kwenye kijiti. Akague saa ileile mtakayotembea. Nyuki, kwa mfano, alfajiri huwasikii. Saa 4 ndipo unapogundua kuwa ufa wa mwamba mliotaka kusimama chini yake una mzinga.

Kandambili na yebo marufuku. Lile jiwe lina makali, linakata soli laini. Raba nzito au buti.

Na maji ya kunywa beba yote. Juu ya chokaa mvua inazama mara moja, hamtakuta kijito wala bomba mpaka mfike mtoni, na mtoni hamtakiwi kufika.

Vipepeo_Muheza

Mwalimu, swali la 2 na la 3 nayachukua mimi.

Urefu: kilomita mbili kwenda na kurudi zinatosha kwa saa tatu na nusu. Anayepanga kilomita sita anapanga mbio za mwenge. Mwendo wa kuangalia ni kama kilomita moja kwa saa, na vituo vinakula muda uliobaki.

Watu 26 wakisimama foleni kwenye njia nyembamba, wanne wa mbele wanaona kiumbe na waliobaki wanaona visogo. Gawa makundi matatu: wanafunzi saba, saba na sita, kila kundi na watu wazima wawili. Mmoja anaongoza, wa pili anafunga msafara na haruhusiwi kuwa mbele ya mwanafunzi yeyote. Kundi la kwanza likianzia mwisho mmoja wa njia, la pili lianzie katikati na la tatu lianzie mwisho mwingine, halafu mzunguke. Mkifuatana kwa nyuma, kundi la tatu litahesabu walichobakiza wenzao, yaani panzi walioshtuliwa.

Namna ya kusimama: kiongozi akiona kitu asisimame pale kwenye njia akanyoosha kidole. Apite hatua tatu mbele, ageuke, wanafunzi wajipange nusu duara huku jua likiwa mgongoni mwao. Kivuli kisimwangukie mdudu. Kipepeo hajali sana sauti, anajali kivuli na kishindo. Ndege ni kinyume chake: mnaweza kusimama wazi, lakini mnong'ono mmoja wa "yuko wapi, yuko wapi" unamwondoa.

Kuhesabu vipepeo. Njia inayotumika duniani ilibuniwa Uingereza na Ernest Pollard miaka ya 1970, na ni rahisi mno. Pima mita 200 kwa kamba ya katani, zigawe vipande vinne vya mita 50, kila mpaka uwe na alama ambayo haitaondoka: mbuyu, jiwe kubwa, kona ya boma. Tembea mwendo mmoja bila kusimama. Hesabu vipepeo walio ndani ya boksi la kufikirika tu: mita mbili na nusu kushoto, mbili na nusu kulia, tano mbele, tano juu. Aliye nje ya boksi haandikwi hata akiwa mzuri kiasi gani. Aliyeshakupita nyuma haandikwi tena. Andika saa ya kuanza na kumaliza, mawingu, na upepo kwa lugha ya kawaida: majani yametulia, majani yanacheza, matawi yanacheza. Huko Uingereza hawahesabu joto likiwa chini ya nyuzi 13. Sisi Tanga tatizo hilo hatulijui, letu ni kuwahi kabla ya saa 5.

Kinachoharibika kila mara ni kwamba watoto saba wote wanahesabu, na kipepeo mmoja anaingia daftarini mara saba. Waangaliaji wawe wawili, mwandishi mmoja, na kila mita 50 wabadilishane. Waliobaki wape kazi ya miraba, naieleza hapa chini.

Msijilazimishe kutaja spishi zote. Anzeni na aina hizi ambazo mtu wa kawaida anazitofautisha akiwa hatua tatu mbali:

– Mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, bila mkia: Papilio demodocus. Kiwavi wake ndiye yule anayetafuna majani ya michungwa na mindimu, kwa hiyo watoto wa Muheza wanamjua bila kujua kuwa wanamjua.
– Wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mabaka meupe, anaruka taratibu kama hana haraka: Danaus chrysippus. Hana haraka kwa sababu kiwavi wake anakula mimea yenye utomvu mweupe na sumu inabaki mwilini, ndege wanamwacha. Jike la Hypolimnas misippus, ambalo halina sumu, limemwiga rangi zote. Tazama bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwigaji ana moja tu karibu na ukingo wa mbele.
– Mweusi mwenye doa la buluu inayong'aa kila bawa la nyuma, hupenda kutua kwenye njia tupu: Junonia oenone.
– Mkubwa mweupe-kijani au njano, anapita kwa kasi bila kutua: Catopsilia florella.
– Mdogo wa njano mwenye ukingo mweusi, anapepea chini chini: kundi la Eurema.
– Wenye mabawa yaliyopauka kama plastiki na mwendo mzito: kundi la Acraea.
– Vidogo vya buluu, upande wa chini kijivu chenye vidoa. Waandikeni "vidogo vya buluu" basi. Kuvitenganisha ni kazi hata kwa wenye picha nzuri.

Ambao hawamo, piga picha mbili: mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa. Picha moja ya juu peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu alama zinazotenganisha ziko chini ya bawa.

Sasa miraba. Kata kamba ya mita nne, funga vijiti vinne kila baada ya mita moja, ukitandaza unapata mraba wa mita moja kwa moja. Tupa kijiti kwa nyuma ya bega ili usichague mahali pazuri, kilipoangukia ndipo pa kuweka mraba. Hesabuni aina za mimea kwa kutofautisha majani, mpe kila mmoja herufi, A, B, C. Jina litatafutwa baadaye. Pimeni urefu wa majani kwa rula sehemu tano ndani ya mraba. Kisha chukueni spoku ya baiskeli, ichomekeni mpaka igonge mwamba, someni sentimita. Fanyeni miraba kumi kwenye mawe na kumi kwenye udongo mzito wa pembeni. Hapo ndipo watoto wataona wenyewe uhusiano wa kina cha udongo, urefu wa majani na wingi wa aina. Bila ule upande wa pili wa kulinganisha, miraba kumi ya kwanza ni namba tu.

Nesi_Ngamiani

Habari mwalimu. Naongezea hatari, kwa mpangilio wa zinazotokea mara nyingi, si zinazoogopwa zaidi.

Jua. Lita mbili za maji kwa kila mtu mzima, lita moja na nusu kwa kila mwanafunzi, na akiba ya lita kumi kwenye gari. Kofia au mtandio. Mwanafunzi akianza kulalamika kichwa au kichefuchefu hatembei tena: kivuli, alale miguu juu, maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini kidogo kidogo. Siku ya kwanza ya hedhi au aliyefunga bila daku, mwalimu wa kike awaulize kwa faragha kabla ya kuondoka.

Upupu. Kuanzia Juni maganda yake yanakauka: yamepinda, yana manyoya ya kahawia kama mahameli. Huna haja ya kuyagusa. Kukiwa na upepo wa kusi manyoya yanakufuata. Anayekagua njia akiona ule mmea wake umetambaa kwenye kichaka, njia ipite upande unaotoka upepo. Aliyepatwa asijikune wala kusugua kwa kitambaa, anayasukuma ndani zaidi. Bandika mkanda wa gundi mpana kwenye ngozi, ubandue, rudia na kipande kipya mpaka yaishe, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo zifuliwe peke yake.

Nyuki. Wanakaa kwenye nyufa za mwamba. Siku hiyo hakuna manukato wala mafuta ya nywele yenye harufu kali. Wakishambulia: kukimbia moja kwa moja kwenda mbali, khanga usoni, kuingia ndani ya gari na kufunga vioo. Kupunga mikono kunawaongeza, na kujirusha majini si kinga. Mwiba utolewe upesi kwa kukwaruza na ukucha. Fomu ya wazazi iulize kama mtoto amewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki. Huyo asiende mbali na gari.

Kupe. Suruali ndefu, soksi zivutwe juu ya suruali. Mkirudi, ukaguzi wa nyuma ya magoti, kiunoni, nyuma ya masikio. Kupe akiwa ameng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na mvute wima bila kuzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti ni mambo ya kizamani, yanamfanya atapike ndani ya jeraha.

Nyoka. Anayewapata watu ni kifutu zaidi, kwa sababu hakimbii; amelala tu na rangi yake ni ya majani makavu. Mnakanyaga mnapopaona, hamweki mkono kwenye ufa, hamkai juu ya jiwe kabla ya kulizunguka. Akiuma mtu: asitembee, mguu ufungwe na kijiti kama mfupa uliovunjika, pete na bangili zitolewe kabla ya uvimbe, aende Hospitali ya Bombo mara moja. Msifunge kamba ya kuzuia damu, msichanje, msinyonye, na msipoteze dakika kumtafuta nyoka. Gari lenye dereva likae muda wote kwenye barabara. "Tutaita bodaboda" si mpango.

Mto. Uhesabuni kuwa una mamba. Kundi liishie mita 30 kutoka ukingoni.

Kugeuza mawe watoto watataka. Sawa, ila mtu mzima ndiye anayegeuza: shika ukingo wa mbali wa jiwe, uvute kuelekea kwako, ili kilichomo, awe nge au tandu, kiwe na njia ya kutokea mbali nawe na jiwe likukinge. Likishaangaliwa linarudishwa vilevile lilivyokuwa, polepole. Jiwe lililoachwa kichwa chini linaua kila kilichoishi chini yake kabla ya adhuhuri.

Mwarongo_Pwani

Swali la 5 limepitwa na wote, na ndilo tamu.

Hapana mwalimu, si kitu kilekile, ingawa ukoo ni mmoja. Chokaa ya kusini mwa Uingereza ni laini, nyeupe, unaweza kuandikia ubaoni. Imetokana na vibamba vidogo sana vya mimea ya baharini isiyoonekana kwa macho, iliyotulia chini ya bahari mwishoni mwa zama za dinosaria. Ya Amboni ni ngumu, ya kijivu, na ni ya zamani zaidi, ya kipindi cha Jurasiki. Zote mbili kemia yake ni moja, kalisi kaboneti, na tabia zake tatu ni zilezile: maji hayakai, udongo ni mwembamba, na rutuba ni haba. Hapo hakuna mmea mmoja unaopata nguvu ya kuwafunika wenzake, ndiyo maana kwenye nyanda za Uingereza mita moja ya mraba inaweza kuwa na aina 40 za mimea.

Tofauti kubwa ni kwamba zile nyanda zao ni kazi ya kondoo. Zimelishwa kwa karne nyingi. Ukiondoa kondoo, vichaka vinarudi. Kwetu hali ya hewa inasukuma kichaka kurudi kwa kasi zaidi, kwa hiyo majani mafupi utayapata kwa mabaka: pale mbuzi wanapopita, au pale mwamba ulipo karibu na uso kiasi kwamba mti haushiki. Usitegemee zulia la maua. Tegemea pindo, pale baka la majani linapokutana na kichaka, maana viumbe vingi viko hapo.

Urefu wa majani aliousema Vipepeo_Muheza si pambo. Uingereza kuna kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion, ambaye kiwavi wake huishi ndani ya kichuguu cha sisimizi wadogo wekundu aina ya Myrmica sabuleti na kula watoto wao. Miaka ya 1950 ugonjwa uliua sungura wengi, malisho nayo yalipungua, majani yakarefuka sentimita chache tu. Udongo ukapoa, wale sisimizi wakaondoka, na mwaka 1979 kipepeo akatoweka nchini humo. Alirudishwa miaka ya 1980 kwa mbegu kutoka Sweden, baada ya watu kuelewa kuwa jambo lilikuwa urefu wa majani. Vipepeo wetu wadogo wa buluu nao wengi wana uhusiano na sisimizi, kwa hiyo mwambie mwandishi aandike pia kama kuna sisimizi kwenye mmea kipepeo alipotua.

Kujua kama jiwe ni chokaa kweli: okota jiwe lililo huru barabarani, si la eneo la mapango, likwaruze kwa msumari upate unga, dondoshea siki au maji ya ndimu. Likitoa povu dogo dogo ni chokaa. Kwenye uso usiokwaruzwa povu halionekani vizuri, wengi hukosea hapo na kusema jiwe si lenyewe.

Konokono wapeni nafasi yao. Gamba ni kalisi, na juu ya chokaa ndipo malighafi ilipo, kwa hiyo ni wengi. Yule mkubwa anayejulikana dunia nzima kama mharibifu wa mashamba, asili yake ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Kiangazi mtamkuta chini ya mawe amefunga mlango kwa utando mweupe; msiutoboe, ndio unaomzuia kukauka. Magamba matupu mnaweza kuyapanga kwa ukubwa na kuyahesabu, halafu myaache. Mikono ioshwe kabla ya kula.

Na kuna ua ambalo Tanga tulipaswa kulichora kwenye nembo ya jiji. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta limeota kwenye nyufa za mawe ya chokaa msituni karibu na mji wa Tanga. Akalipeleka kwao, mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na leo liko kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Majani manene yenye manyoya laini, ua la zambarau lenye kitovu cha njano. Lisitafutwe kwenye majani ya juani. Hukaa kwenye kivuli kizito, kwenye mwamba wima wenye ukungu na kuvumwani. Mkibahatika kuliona, picha moja ya jumla na moja ya karibu, na mahali pasitajwe mtandaoni. Watu hung'oa.

Mwl_Makorora

Mashaallah, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Wavu tushone au tuache? Na wanafunzi wanaomba tubaki mpaka jioni kuona popo wakitoka, inawezekana?

Vipepeo_Muheza

Wavu acheni. Mikono ya mtoto wa miaka 14 na bawa la kipepeo havielewani, na kukusanya viumbe kuna vibali vyake. Tumieni shuka jeupe: litandaze chini ya kichaka, piga tawi kwa ufito mara tatu nne, vinavyoanguka ni viwavi, buibui, vunjajungu, mbawakawa, vyote visivyoonekana kwa kutazama. Lenzi iwekwe karibu na jicho kabisa, kisha kichwa ndicho kisogee kwa mdudu. Watoto wengi huishika mbali kama wanasoma gazeti na hawaoni kitu. Baada ya dakika tano shuka linakung'utwa palepale, chini ya kichaka kilekile, maana kiwavi akipelekwa mmea mwingine anakufa njaa.

Fundi wako ashone mifuko ya kubebea miraba.

Babu_Kiomoni

Popo inawezekana, lakini si siku hiyohiyo. Watoto walioamka saa 11 alfajiri, saa 12 jioni hawaoni popo wala mwalimu.

Pangeni jioni yake. Mwombeni mwongozaji wa mapango awasimamishe nje, upande unaotoka upepo, si mdomoni mwa pango. Jua likishazama, kati ya saa 12:30 na saa 1 hivi, wanaanza kutoka. Tochi izimwe au ifunikwe na karatasi nyekundu, mwanga mweupe unawarudisha ndani. Anayehesabu ahesabu kwa makundi ya kumi kumi dhidi ya anga iliyobaki na mwanga, kwa dakika tano tano.

Nesi_Ngamiani

Na kwenye hilo la popo pasiwe na mzaha. Popo wala matunda aina ya Rousettus aegyptiacus, wanaokaa mapangoni, ndio hubeba virusi vya Marburg. Nchi hii imepata mlipuko Kagera mwaka 2023 na mwingine 2025. Sisemi popo wa Amboni wanavyo. Nasema hakuna kuingia kwenye pango la pembeni lisilo la watalii, hakuna kuokota popo aliyeanguka, wala kula tunda lililong'atwa. Vumbi la kinyesi chao nalo linaweza kuwa na kuvu wanaoshambulia mapafu. Kusimama nje, hewa ikiwa wazi, hakuna shida.

Kipanga_Raskazone

Ndege mmewapita haraka, naongeza kidogo.

Darubini tatu kwa watu 26 ni moja kwa kila kundi. Kama mtaazima nyingine, chagueni yenye maandishi 8x42, yaani inayokuza mara nane. Zile za kukuza mara 20 na kuendelea zinatikisika mkononi, mtoto anaona mawingu tu. Kabla ya kuondoka shuleni, kila mwanafunzi afanye zoezi: akodolee kitu kwa macho, asiondoe macho, ainue darubini ikutane nayo. Anayeanza na darubini kisha akamtafuta ndege, ndege ameshaenda.

Saa moja ya kwanza simameni mahali pamoja penye pindo la kichaka. Andikeni mlichosikia kwenye safu yake, mbali na mlichokiona. Dudumizi mtamsikia kabla ya kumwona, na pengine hamtamwona kabisa. Chozi wako kwenye maua, mnana kwenye majani marefu, kanga na kwale wanavuka njia alfajiri kabla hamjaanza kelele, hondohondo juu ya miti ya bondeni, mwewe kuanzia saa 3 hewa ikishapata joto la kumbeba. Kuanzia Oktoba angalieni keremkerem wahamiaji. Tembeeni na kipande cha karatasi chenye masaa ubavuni, nusu saa nusu saa, mtaona orodha inavyobadilika jua likipanda.

Picha mkizipeleka iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe walioonekana, kila picha iende na tarehe na mahali. Washeni eneo la simu kabla ya kupiga, si baada. Mtandao ukikatika pale picha inahifadhi mahali ilipopigwa na mtaipakia mkirudi. Kwa spishi zilizo hatarini mfumo wenyewe huficha mahali halisi, lakini kwa lile ua la Mwarongo_Pwani fichani wenyewe pia, kwa mkono.

Madaftari: penseli, si peni. Umande wa Juni unafuta wino, na karatasi ya kipepeo wa saa 3 inakuwa imeshalowa na majani ya saa 1. Kila mwandishi awe na ubao wa kubania karatasi na mfuko wa plastiki wa kuuvisha. Jina la kundi, kipande cha njia na saa viandikwe juu ya kila ukurasa kabla ya kuanza kutembea, kwa sababu kurasa tatu za makundi matatu zikichanganyika kwenye basi la kurudi, hakuna atakayezitenganisha.